Nyusi Tayari Kabla ya Alhamisi

Jumanne, 3 Juni

Siku kubwa. Daktari wa macho ametoa tarehe. Mama atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumatano ya tarehe 18, jicho la kulia kwanza. Bandeji itafunguliwa kesho yake, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Jicho la kushoto litangoja wiki tatu.

Daktari alimuuliza Mama angependa kuona nini kwanza, baada ya miaka minne ya ukungu. Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema uso wa huyu binti yangu mdogo, anayenishika mkono kila siku. Nikatoka nikijifanya napokea simu. Nililia kwenye korido, karibu na ndoo ya deki. Kisha nikajiona kwenye kioo cha mlango.

Niandike hapa, maana sijamwambia mtu. Sina nyusi. Nilikuwa nazo, nene, zilizokaa vizuri. Mama alizoea kuzipitishia kidole gumba akisema hizi ni zangu, nimekuazima tu. Miaka mitatu iliyopita niliugua ile homa ndefu, nywele zikapukutika zote. Za kichwani zilirudi. Nyusi hazikurudi. Kila asubuhi nazichora kwa wanja, kila jioni nazifuta. Mama hajui. Alikuwa haoni tena.

Sasa ataona. Na wanja haufai kwa siku kama hiyo. Nitalia, nitajipangusa, nitabaki kipara cha uso mbele ya mama yangu mzazi. Nataka nyusi zisizofutika, zile zinazochanjwa kwenye ngozi. Zina siku kumi na sita za kupatikana. Nyingi sana.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kwa fundi wa nyusi. Chumba kidogo nyuma ya saluni, kitanda kimoja, taa moja kali, kila kitu kinanuka spiriti. Fundi ni mwanamke mpole wa sauti ya chini. Upole wenyewe ni wa kutia wasiwasi. Nilitaka anipe siku, yeye akanipa kiti na fomu.

Aliuliza kama nina shughuli yoyote karibuni. Nikasema sina. Akasema vizuri, kwa sababu nyusi hizi hazifanywi kwa ajili ya shughuli ya wiki ijayo. Siku za kwanza rangi huwa nzito kupita kiasi. Halafu vinakuja vigaga. Halafu vinabanduka na rangi inaonekana kama imekimbia. Halafu inarudi taratibu. Baada ya wiki sita unarudi kurekebishwa. Hapo ndipo mtu anaweza kusema ana nyusi.

Nilimsikiliza kwa heshima. Hayo ni ya watu wa ngozi dhaifu.

Akanionyesha picha za wateja wake, si za siku ya kwanza tu, bali na za miezi baadaye. Akasema fundi asiyekuonyesha nyusi zilizopona, mkimbie. Mimi nilitazama zaidi mwanga wa picha zenyewe. Mbovu. Nilimshauri asogeze taa. Alinishukuru, akarudi kwenye fomu.

Fomu ina maswali mengi kuliko ya kuomba kazi. Unatumia vidonge vya maumivu? Natumia kila siku, goti langu. Niliandika hapana. Unapaka krimu ya kuondoa madoa? Hapana. Doa moja tu, tena la shavuni, haliwahusu. Mwisho akaniwekea tone la rangi nyuma ya sikio ili aone kama ngozi itaikataa. Nirudi Jumamosi ya wiki ijayo. Nimerudi kazini na tone langu nikijiona nimeshafika nusu ya safari.

Jumamosi, 7 Juni

Dada Mkubwa amepiga simu. Anaishi mji mwingine na kila Jumamosi hunipigia kunielekeza jinsi ya kumtunza Mama, ambaye namtunza mimi. Leo ameniambia nipunguze chumvi. Kisha akasema anakuja kwa ajili ya Alhamisi. Amepata ruhusa kazini. Atakuwa amesimama pale pale bandeji ikifunguliwa.

Dada Mkubwa ana nyusi. Hajawahi kuugua hata mafua. Zile nyusi ni za Mama, zimehamia kwake zote mbili bila kupungua unywele. Nilimwona akilini amesimama mbele ya kitanda na nyusi zake, na Mama akinyoosha kidole gumba.

Alipouliza saa ya kufunguliwa bandeji, nilimwambia saa tano.

Sikujisikia vibaya. Nilijisikia vibaya kidogo wakati wa chakula, nikaongeza chumvi, ikapita.

Alhamisi, 12 Juni

Tone la nyuma ya sikio halijaleta shida yoyote. Ngozi yangu ni ya chuma.

Fotokopi ameanza maneno. Fotokopi ni bwana mwenye mashine ya kutoa nakala tunayegawana naye chumba. Upande wake makaratasi, upande wangu stuli, kitambaa cheupe na taa mbili za picha za pasipoti. Nilimwomba anipige picha moja ya kabla, niwe na kumbukumbu. Akaniambia nishushe uso. Nikamwambia umeshuka. Akasema tangu anifahamu, mtu yeyote akinielekezea kitu chochote, kamera, tochi, hata kidole, paji langu la uso linapanda juu kama la mtu anayengoja zawadi.

Nilimkumbusha kwamba miaka kumi na moja kazi yangu ni kuwaambia watu waweke uso wa kawaida. Uso wa kawaida naujua kuliko wenyewe wanaoubeba. Fotokopi akasema sawa, akaenda kutoa karatasi iliyokwama.

Jumamosi, 14 Juni

Zimechanjwa! Naandika nikiwa nimekaa wima kama nilivyoagizwa.

Fundi alifungua sindano mpya mbele yangu, kwenye pakiti yake. Alinikalisha wima, akanipima kwa uzi wenye rangi, kutoka puani kwenda kwenye jicho, kutoka jicho kwenda kwenye sikio. Akachora umbo kwanza kwa penseli. Akaniambia nilegeze uso. Nikalegeza. Akaniambia tena. Mara ya tatu aliweka penseli chini, akasema nyusi zinachorwa uso ukiwa umepumzika, kwa sababu hapo ndipo zitakapokaa miaka.

Nikamwambia huu ndio uso wangu wa kawaida.

Alinipa kioo, nikajitazama. Nzuri mno. Nyusi za Mama kabisa, mahali pake kabisa. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi nyuso ndiyo kazi yangu.

Nilitoka damu kuliko alivyotarajia. Aliuliza tena kuhusu vidonge. Nikasema labda ni joto.

Masharti: nisiziloweshe siku kumi, nisiingie kwenye mvuke, nisitoke jasho, nisipake wanja wala poda juu yake, na vigaga nisiviguse kabisa hata viwashe vipi. Nimeahidi yote. Nilipofika nyumbani nilimpa Mama mkono, akasema leo mkono wako una baridi, una nini? Nikasema nina furaha tu. Ilikuwa kweli.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nilikuwa nasubiri maji yachemke, nimesimama mbali na mvuke kwa mujibu wa masharti. Dirishani nikamwona mwanamke ananitazama kwa hasira. Nyusi nyeusi tii, zimembania macho. Nilisogea ili apite.

Hakupita. Alikuwa mimi.

Nimechunguza jambo hili kwa utulivu mbele ya kioo kwa muda mrefu. Nikitazama kioo, ziko sawa. Nikisahau kioo, uso unashuka, nazo zinashuka nao, zinakaa juu ya macho kama mtu amekunja uso kwa ugomvi wa urithi. Fundi alizichora paji likiwa juu. Paji halikai juu.

Sitaki kumpa Fotokopi furaha hiyo. Hatajua.

Suluhisho nimelipata kabla ya saa sita. Nitaliinua paji. Wakati wote. Ni suala la mazoezi.

Jumatatu, 16 Juni

Paji linauma hadi kisogoni.

Kazini nimekaa nalo juu dakika ishirini, kisha mteja akaingia na nikasahau. Ni yule mzee anayebishana kila mwaka kuhusu kuonyesha masikio. Alinitazama mara moja tu, akaketi, akatoa masikio yote mawili bila kuambiwa. Mama mmoja aliyeleta mtoto wa shule aliniomba radhi. Nilipomuuliza ya nini, akaniomba tena. Fotokopi akaniletea soda.

Nimempigia fundi kuuliza weusi huu utaisha lini. Akasema ni kawaida, nitulie, wiki ya kwanza ndivyo ilivyo. Nikamuuliza kama unaweza kuisha Alhamisi. Akauliza Alhamisi kuna nini. Nikasema hakuna kitu, naipenda tu Alhamisi.

Jumanne, 17 Juni

Vigaga vimetoka. Nimefikiri hivi: chini ya kigaga kuna unyusi uliokwisha kuiva. Kigaga ni kifuniko tu. Nikiondoa kifuniko leo, Alhamisi nitakuwa mbele ya ratiba.

Nilianza na mkia wa unyusi wa kushoto, kwa ukucha, polepole sana, baada ya kunawa mikono. Kigaga kilitoka kizima. Rangi ilitoka nacho. Chini yake kulikuwa na ngozi nyekundu, basi.

Sasa wa kulia ni mzima na mweusi, wa kushoto umeishia katikati. Nimejaza pengo kwa wanja. Lilichoma hadi machozi yakatoka, machozi yakauchukua wanja, nikajaza tena. Ngozi imevimba kidogo. Ukiniangalia kutoka upande wa kulia huwezi kujua. Nitasimama upande huo.

Jumatano, 18 Juni

Mama ameingia na kutoka. Upasuaji umeenda salama, muda mfupi kuliko foleni ya kuingia. Sasa amelala wodini, jicho lina bandeji nyeupe.

Kabla hajaingia tulikaa kwenye benchi saa nzima. Alinishika mkono. Nilidhani anaogopa kisu. Akasema kisu si kitu. Anaogopa kesho. Akasema miaka minne amekuwa akinisikiliza ninavyosema hamna shida, Mama, hamna shida, na sauti ya mtu unaweza kuipanga. Anaogopa bandeji ikitoka atauona uso wangu na kukuta nimemchoka.

Nilimwambia kesho ataona uso wa mtu mwenye furaha. Nilimwahidi. Nilikuwa nimeliinua paji wakati nikisema, ingawa hakuwa anaona, na lilikuwa linatetemeka.

Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo kwenye daftari hili. Nina uso mmoja wa kumwonyesha, na ukiachiwa wenyewe unatukana.

Alhamisi, 19 Juni

Nieleze kwa mpangilio.

Saa mbili na nusu nilikuwa kando ya kitanda, upande wa kulia, wanja umejazwa, paji juu. Dada Mkubwa hayupo. Mpango wote umekaa sawa. Saa tatu ilipita. Daktari hakutokea. Saa tatu na nusu nilihisi paji kama nimebeba ndoo kichwani. Niliegemeza kiwiko kwenye kitanda na kulishikilia kwa vidole, kama mtu anayewaza. Nesi aliniuliza kama naumwa kichwa.

Saa nne kasorobo daktari akaja. Akafungua plasta ya kwanza. Akafungua ya pili. Akamwambia Mama afumbue taratibu.

Jicho lilifumbuka. Lilikuwa jekundu pembeni na katikati lilikuwa safi, jeusi, la Mama. Lilizunguka kidogo. Likaniona. Miaka minne lile jicho lilikuwa linatazama karibu na mimi. Leo lilinitazama mimi. Nilisahau paji. Nilisahau kila kitu. Nililia kama mtoto, na uso wote ukashuka.

Mama alinitazama muda mrefu. Tabasamu alilokuwa ameliandaa likaondoka taratibu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya kuomba radhi, mwanangu, kumbe umenichoka hivi?

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichompa.

Nilijaribu kuliinua. Lilipanda upande mmoja tu. Nilimwambia hapana, Mama, hapana, si hasira, ni nyusi. Akasema nyusi gani. Nilimwambia yote, mbele ya daktari na nesi na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeacha kula ili asikie. Homa. Wanja. Fundi. Tone la nyuma ya sikio. Nikamwambia sijamchoka hata siku moja. Si kweli kabisa, nikasahihisha: nimechoka siku nyingi, yeye sijamchoka.

Mama akanyoosha mkono. Akafumba lile jicho, akanipapasa kama afanyavyo kila asubuhi ninapomnawisha uso. Kidole gumba kikapita juu ya vigaga, kikafika upande wa kushoto, kikatoka na wanja. Akaniambia mwanangu, mkono huu unapita hapa kila siku. Tangu ile homa najua huna nyusi. Nilinyamaza kwa sababu nilihisi unajitahidi nisijue.

Miaka mitatu. Tumefichana kitu kimoja miaka mitatu, tukiwa tumeshikana mikono.

Akafumbua jicho tena, akazitazama vizuri. Akauliza zinafutika? Nikasema hazifutiki, ndiyo sifa yake. Akaanza kucheka. Daktari akamkataza, si vizuri kwa jicho. Akacheka kwa mabega tu. Kisha akasema jicho la pili likifunguliwa anataka kitu kimoja. Anione mimi nilivyo, bila kupaka, bila kuinua chochote. Nikamwahidi.

Saa tano kamili Dada Mkubwa akaingia, anahema, nyusi zake zote mbili usoni. Mama akamwambia umenenepa. Nilistahili kufurahi zaidi ya nilivyofurahi. Dada Mkubwa alinitazama. Hakucheka. Alinishika bega akauliza ni nani aliyeniudhi. Nikamwomba msamaha wa saa tano. Akasema alijua, alipiga simu hospitali jana. Alichelewa makusudi, maana Mama alikuwa ameomba kuniona mimi kwanza.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kwa fundi. Hakupandisha sauti. Alitoa fomu yangu, akaniomba nisome majibu yangu mwenyewe. Nilipofika kwenye vidonge sikuendelea. Akasema hatagusa chochote kabla ya wiki sita. Kuziondoa kabisa kwa mashine inawezekana, ila ni miezi, inauma, na huenda alama ikabaki. Wakati huo zitafifia kidogo zenyewe. Nisichokonoe. Nikasema sitachokonoa. Akatazama mkono wangu hadi nikaushusha.

Fotokopi ameniletea ile picha aliyonipiga tarehe 12. Paji limepanda hadi karibu na nywele. Nimeiweka kwenye droo, uso chini.

Jumamosi, 5 Julai

Jicho la kushoto la Mama linafunguliwa Alhamisi ijayo, tarehe 10. La kulia linasoma hadi maandishi ya nyuma ya chupa ya dawa. Jana aliniambia nimekuwa mzuri, akarudia kwamba siku hiyo anataka kuniona nilivyo, basi.

Nimelifikiria neno hilo kwa makini. Nilivyo. Mimi nilivyo si huyu mwenye midomo iliyopauka. Ile homa iliichukua midomo pia, nilikuwa sijaligundua, nilikuwa nashughulika na nyusi. Mama ana haki ya kuniona nilivyo kwelikweli. Na kosa la mara ya kwanza nimelielewa: lilikuwa paji. Midomo haina paji.

Nimekwenda kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Yule wa kwanza ana maswali mengi. Huyu naye ana fomu, ila fupi. Vidonge, hapana. Krimu, hapana. Shughuli karibuni, hapana. Aliuliza nyusi alinifanyia nani. Nikasema nimezaliwa nazo, nikaona amenihurumia.

Alinikalisha wima, akachukua penseli, akaanza kuchora ukingo wa mdomo. Akasimama. Akaniambia nisitabasamu, nilegeze mdomo.

Nikamwambia huu ndio mdomo wangu wa kawaida.